Juu ya kitabu cha Padri Tempels na mabishano yetu

Katika seminari zetu kitabu cha Padri Placide Tempels, La philosophie bantoue, kinatajwa kila mwaka, na kila mwaka tunaona jambo lilelile: wengi wanaokisifu hawakukisoma mpaka mwisho, na wengi wanaokikataa hawakukifungua hata kidogo. Wale wa kwanza wanakisifu kwa sababu Mzungu alikubali kwamba sisi nasi tuna filosofia. Wale wa pili wanakikataa kwa sababu aliyekubali ni Mzungu. Sababu hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja, na hakuna hata moja inayogusa maneno yaliyoandikwa ndani.

Sisi wa Kamina hatuwezi kukaa mbali na shauri hili. Padri Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyezaliwa mwaka 1906, alifika Kongo mwaka 1933, akatumika miaka mingi kati ya Baluba wa nchi hii. Mambo aliyoyaandika aliyasikia katika vijiji vyetu, katika vinywa vya wazee wetu. Kitabu kilitoka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945; wakili Antoine Rubbens alikigeuza kutoka Kiflama kwenda Kifaransa, na mwaka 1949 nyumba ya Présence Africaine ya Paris ikakichapa tena. Tangu hapo kimezunguka dunia. Basi si vibaya watoto wa wale waliosimulia wakikisoma kwa macho yao, wakauliza swali ambalo wasomaji wengi wanalipita: je, ndani ya kitabu hiki yuko Muluba hata mmoja anayembishia Muluba mwenzake?

Sisi hatukumwona. Na kwa maoni yetu kosa kubwa la kitabu liko hapo, kubwa kuliko yale ambayo watu wa univerisite wameyahesabu.

Lakini kwanza tukitendee haki. Katika miaka ile wakubwa wengi wa koloni walisema kwamba mtu mweusi hawazi, anaogopa tu. Huko Paris mwalimu Lucien Lévy-Bruhl alikuwa amefundisha muda mrefu kwamba akili ya watu kama sisi haijafika bado kwenye mantiki. Naye mwenyewe mwisho wa maisha yake aliyarudia maneno hayo na kuyapunguza, kama tunavyoona katika daftari zake zilizochapwa mwaka 1949, yeye akiwa amekwisha kufa. Padri Tempels hakungoja daftari zile. Alisema kwamba namna Muluba anavyosalimia, anavyozika, anavyokata shauri na anavyotafuta dawa, yote yanatoka katika wazo moja lenye utaratibu: kuwa ni kuwa na nguvu. Nguvu ya uzima inaongezeka au inapunguka. Inatoka kwa Mungu, inapita kwa wazee waliokufa, inafika kwa wakubwa wa ukoo, kwa watoto wao, kwa nyama, kwa miti na kwa mawe, na kila kimoja kinaweza kukitia kingine nguvu au kukidhoofisha. Mgonjwa haulizi tu mahali gani panamuuma. Anauliza nguvu yake imepunguzwa na nani. Kusema hivi mwaka 1945, na kuwaambia mapadri wenzake kwamba watafundisha bure kama hawajui wazo hilo, kulitaka moyo.

Tena watu wanasahau kwamba katika mwaka uleule Padri Tempels aliandika katika gazeti la Elisabethville juu ya haki ya wafanyakazi. Mji ule ulikuwa bado unakumbuka tarehe 9 Desemba 1941, siku askari walipowapiga risasi watumishi wa Union Minière waliogoma wakidai mshahara. Kwa hiyo Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, aliposema katika hotuba yake juu ya ukoloni, iliyotoka mwaka 1950, kwamba filosofia ya Padri Tempels inawafaa wenye makampuni, kwani wanaombwa kuheshimu mawazo ya mtu mweusi tu bila kuongeza mshahara wala chakula chake, alisema neno la kweli juu ya matumizi ya kitabu. Lakini juu ya mwandishi alisema nusu. Nusu nyingine iko katika magazeti ya Katanga, na hatudhani Césaire alipata kuyaona.

Sasa tuje kwenye kosa. Mwanzoni mwa kitabu Padri Tempels anaeleza kazi anayojipa. Anasema tusitazamie kwamba Bantu wenyewe wataweka filosofia yao katika maneno yaliyopangwa. Kazi ya kupanga ni ya Mzungu aliyesoma, naye akiisha kuipanga vizuri, Bantu watajitambua ndani yake na kukiri kwamba sasa amewajua. Fratri aliyesoma Mtakatifu Thoma anapaswa kustuka hapa. Katika kila swali la Summa, neno la mpinzani linakuja mbele. Thoma hasemi neno lake kabla hajasema ya mwenye kumpinga, tena anayasema kwa nguvu, mara nyingine vizuri kuliko mpinzani mwenyewe. Katika kitabu cha Padri Tempels mpinzani wa Kiluba hana kiti. Muluba anapewa nafasi ya kusema ndiyo. Nafasi ya kusema hapana hapewi, na akisema hapana itahesabiwa kwamba hajajielewa.

Mtu atajibu: lakini Baluba hawakuwa na haja ya kusema hapana, maana wazo lile lilikuwa la wote. Anayejibu hivi hajakaa usiku kwenye kilio hapa Kamina. Akae usiku mmoja tu. Kijana amekufa ghafula. Upande wa baba unasema ni homa. Upande wa mama unasema homa haiji peke yake, imetumwa. Shangazi anauliza kwa nini hawakumpeleka hospitali siku ya Jumatatu. Mkwe ananyamaza, na kunyamaza kwake kunakuwa neno. Mzee mmoja anasema deni la mahari halijaisha, ndiyo sababu. Mwingine anamkatiza na kumwambia kwamba deni haliui mtu, kama lingeua, yeye angekwisha kufa mara tatu. Watu wanacheka kidogo, katikati ya machozi. Kisha yule mzee wa kusambisha anaanza kurudia maneno ya kila mmoja, pole pole, bila kuruka: wewe umesema hivi, na wewe umesema hivi. Anauliza kama amerudia sawasawa. Asipoitikiwa haendi mbele. Wote hawa ni Baluba. Wote wanaamini kwamba kuna nguvu ya uzima, na kwamba Shakapanga ndiye aliyeitoa. Na hawapatani, hata juu ya neno kubwa kabisa, yaani kama kifo hiki kina mtu nyuma yake. Filosofia ya Kibantu iko kwa nani usiku ule? Kwa shangazi? Kwa mwenye kudai mahari? Sisi tunasema iko katika mabishano yenyewe, na hasa katika kazi ya yule anayerudia. Padri Tempels alichukua neno la mmoja au la wawili, akaacha kilio.

Tunao ushahidi wa zamani zaidi, ambao hauhitaji kilio. Ni lukasa. Wasomaji wengi wameiona katika picha: ubao mdogo wa muti unaoshikwa mkononi, umepigiliwa shanga, mara nyingine una makombe na alama za kuchongwa. Watu wa chama cha Mbudye waliutumia kusimulia ufalme wa Baluba, safari za Mbidi Kiluwe, vita ya Nkongolo na Kalala Ilunga, majina ya wafalme, mipaka ya nchi. Mary Nooter Roberts na Allen Roberts, katika kitabu chao kikubwa cha mwaka 1996 juu ya sanaa ya Baluba na ukumbusho, wameonyesha kwamba lukasa haisomwi kama barua. Ubao uleule unasomwa kwa namna nyingi, kufuatana na msomaji, na wasikilizaji, na shauri lililowakusanya. Anayetaka ukubwa anasimulia safari ile kwa namna inayompa haki. Mpinzani wake anagusa shanga zilezile na kusimulia vingine. Chombo hiki kilitengenezwa na watu waliojua kwamba watabishana. Taifa lenye wazo moja tu lisiloulizwa lingekuwa na haja gani ya ubao wenye shanga nyingi hivi?

Waandishi wa Afrika waliofuata walikaribia neno hili, kila mmoja kwa njia yake. Padri Alexis Kagame wa Rwanda, katika kitabu chake cha mwaka 1956, alimbishia Padri Tempels kwa silaha nzuri: alichukua sarufi ya Kinyarwanda, akaonyesha kwamba lugha inagawa vitu kwa namna yake, mtu, kitu, pahali na namna, na kwamba mtu hawezi kusema «Bantu wanawaza hivi» bila kuonyesha neno gani la lugha gani linalosema hivyo. Huo ni ubishi wa mwalimu. Tungependa mafratri waige uvumilivu wake. Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni, mwaka 1968, alikuwa mkali kuliko yeye. Na Paulin Hountondji wa Dahomey, ndiyo Benin ya leo, alilitoa neno wazi katika miaka ya 1970: vitabu vya namna hii vinafanya kana kwamba kijiji kizima kina akili moja na kinywa kimoja, na filosofia haianzi mpaka watu wawili watofautiane na kila mmoja atoe sababu. Tunakubaliana naye katika hilo. Lakini Hountondji alitazama sana karatasi, akidai maandiko yaliyotiwa sahihi ya mwandishi. Hapo tunamwacha. Yule mzee kwenye kilio hakuandika kitu, lakini sababu alizitoa, tena mbele ya watu waliokuwa tayari kumkatiza.

Tuseme sasa juu ya namna kitabu chenyewe kilivyobishiwa ndani ya Eklezia, kwani hapo kuna fundisho gumu. Njia mbili zilitumika. Padri Edmond Boelaert, wa misioni ya Coquilhatville, alikisoma, akaona mambo ya kusahihisha, akaandika masahihisho yake katika gazeti la Aequatoria mwaka 1946. Lilikuwa ndilo gazeti lililokuwa limeyapokea mawazo ya Padri Tempels. Msomaji aliweza kumsikia huyu na yule. Njia ya pili ilikuwa ya Monsenyeri Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, mkubwa wa Eklezia katika Katanga. Yeye hakukipenda kitabu hata kidogo, akakipeleka shauri lake Roma. Mwaka 1946 Padri Tempels alikwenda Ubelgiji, na hakurudi Kongo kabla ya mwaka 1949. Hatutaki kumhukumu Monsenyeri aliyekufa zamani, mwaka 1958. Alikuwa mtu wa elimu, na hofu yake juu ya imani ilikuwa hofu ya mchungaji. Tunataka tu kutazama matunda. Masahihisho ya Boelaert bado yanasomwa, na yanasaidia. Lile shauri lililopelekwa kwa wakubwa lilifanya nini? Lilimpa mwandishi heshima ya mtu aliyeonewa, na tangu hapo imekuwa vigumu kukisema kitabu vibaya bila kuonekana upo upande wa walionyamazisha. Mpaka leo fratri anayekisahihisha Tempels anajisikia kama askari wa koloni. Kumbe alipaswa kujisikia kama mwanafunzi tu.

Paulo alimpinga Petro huko Antiokia mbele ya watu, na yeye mwenyewe anawaeleza Wagalatia jambo hilo bila kuficha jina. Hakupeleka barua ya siri Yeruzalemu. Na Petro hakumfukuza.

Kuna mfano mwingine wa kwetu, ambao mafratri wengi wanaujua kwa jina tu. Tarehe 29 Januari 1960, katika Univerisite ya Lovanium huko Léopoldville, mwanafunzi wa teolojia alisimama kubishana na mkubwa wa fakulte yake. Mwanafunzi alikuwa Padri Tharcisse Tshibangu, mtoto wa Katanga, aliyezaliwa Kipushi mwaka 1933. Mkubwa alikuwa Kanoniko Alfred Vanneste, Mbelgiji. Tukumbuke siku zenyewe: Brussels, katika juma lilelile, wanasiasa wa Kongo na wa Ubelgiji walikuwa wamekaa Meza ya Mviringo, na uhuru ulikuwa unakuja baada ya miezi mitano. Ingekuwa rahisi kila mmoja kumwambia mwenzake neno la rangi ya ngozi. Hawakufanya hivyo. Tshibangu alisema kwamba Mwafrika ana namna yake ya kujua na kuwaza, na namna hiyo inaweza kuzaa teolojia yenye rangi ya Afrika. Vanneste alijibu kwamba kwanza iwepo teolojia ya kweli. Kweli ni ya watu wote, na msomi wa Kiafrika asijifungie katika mawazo ya zamani huku wenzake wa dunia wanakwenda mbele. Maneno ya wote wawili yalichapwa mwaka uleule katika Revue du Clergé Africain, gazeti lililotoka seminari kubwa ya Mayidi. Mtu angeweza kuyasoma kwa saa moja na kuchagua.

Nani alishinda? Mafratri wanapenda kujibu haraka kwamba Tshibangu, kwani mambo yaliyofuata yalimpa haki. Mtaguso wa Vatikani wa pili, mwaka 1965, katika barua yake juu ya misioni, ulitaka uchunguzi wa teolojia ufanyike katika kila nchi kubwa kufuatana na desturi zake. Na mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaire. Tshibangu mwenyewe alikuwa mkubwa wa Lovanium mwaka 1967, Mwafrika wa kwanza katika kiti kile, baadaye askofu, mpaka alipokufa mwaka 2021. Hayo yote ni kweli. Lakini kushinda katika miaka ya mbele si kushinda katika hoja. Ukiyasoma maneno ya siku ile bila kujua yaliyofuata, utaona kwamba Tshibangu aliegemea sana juu ya «namna ya Mwafrika ya kujua», kana kwamba ni moja tu, na hapo kivuli cha Padri Tempels kinaonekana nyuma yake. Vanneste alipiga pahali hapo, na alipiga sawasawa. Udhaifu wa Vanneste ulikuwa kwingine: alisema juu ya teolojia ya watu wote kana kwamba ile ya Louvain haikuzaliwa katika nchi yoyote, haikunyonya maziwa ya mama yeyote. Kwa maoni yetu mwanafunzi aliuliza swali lililo bora, na mwalimu alijenga jibu lililo imara zaidi. Tunaona ni vema kusema yote mawili.

Tena tunalipenda jambo moja katika shauri lile: mwanafunzi hakuadhibiwa. Mkubwa wa fakulte alipingwa na mtoto wake mbele ya fakulte nzima, akajibu kwa sababu, na kesho yake masomo yakaendelea. Mwaka 1968, katika juma la teolojia huko Kinshasa, swali lilirudi tena mezani, na wote wawili walikuwapo.

Sasa tulinganishe na mikutano yetu. Katika halmashauri ya parokia mama mmoja anasimama kuuliza mahali zilipokwenda sadaka za mavuno. Jibu la kwanza analopata ni swali: nani amekutuma? Si hesabu, ni swali. Akiendelea, anaambiwa kwamba desturi ya Baluba haimpi mwanamke nafasi ya kuwahoji wakubwa mbele ya watu. Tunamwomba kila anayesema hivyo ajiulize amejifunza wapi desturi hiyo isiyo na mabishano, kwani nyanya yake kwenye kilio hakuijua. Huenda ameisoma. Hii ndiyo hasara ya kitabu chema chenye kosa moja: kosa linatoka katika karatasi, linaingia katika kinywa cha mwenyekiti, na sasa linaitwa mila ya wazee. Na walimu wa katekisimu wanatuambia neno lilelile juu ya vijana. Kijana akiuliza kwa nini wachungaji wa makanisa mapya wanaponya na sisi hatuponyi, anahesabiwa kwamba amekwisha kuhama. Anahama kweli, baada ya miezi miwili, na mwalimu anasema: tulijua.

Hatusemi kwamba kila mabishano ni mema. Katika soko, katika basi, kwenye gare wakati treni imechelewa siku mbili, tunasikia maneno ya kuvunja mtu tu: kabila lake, mama yake, namna alivyopata fedha. Katanga imelipa damu kwa maneno ya namna ile, na wazee wa Kamina wanaokumbuka mwaka 1992 na 1993, wakati treni zilipopita hapa zimejaa watu wa Kasai waliofukuzwa, hawahitaji kuelezwa. Lakini tuangalie vizuri: maneno yale hayakuwa mabishano. Hakuna aliyerudia neno la mwenzake na kuuliza kama amelisikia sawasawa. Yalisemwa kutoka upande mmoja, juu ya watu waliotajwa kwa jina la kabila zima, kana kwamba wote wana akili moja na kinywa kimoja. Nasi tunaona kwamba kuwasifu watu kwa jumla na kuwahukumu watu kwa jumla ni njia mbili zinazoanzia pahali pamoja, ingawa moja inakwenda kwenye kitabu na nyingine kwenye treni.

Padri Tempels mwenyewe, tuseme haki yake ya mwisho, hakubaki alipokuwa mwaka 1945. Aliporudi, katika miaka ya 1950, kule Ruwe karibu na Kolwezi, alianza lile kundi la Jamaa. Baadaye alieleza kwamba kwanza alikuja kama bwana mkubwa, kisha kama mwenye kutafuta mila, na mwishoni kama mtu kati ya watu, akiuliza na kuulizwa, mume na mke wakifunuliana mawazo yao. Habari ya Jamaa, na taabu kati yake na maaskofu, inataka ukurasa wake. Hapa inatosha kusema kwamba mwandishi alikwenda mbele ya kitabu chake, na wasomaji wengi wamebaki nyuma pamoja na kitabu.

Tunawaomba wakubwa wa seminari jambo moja dogo. Maneno ya Tshibangu na Vanneste ni mafupi. Jioni moja yasomwe kwa sauti katika refektori, yule fratri anayempenda Tshibangu apewe kusoma sehemu ya Vanneste, na anayempenda Vanneste asome ya Tshibangu. Kisha kila mmoja arudie kwa Kiswahili aliyoyasoma, mpaka mwenzake akubali kwamba amerudia sawasawa. Baada ya hapo waanze.